Mtoto Kaanguka Mwembeni: Mwongozo kwa Mzazi Asiyeambilika

Habari ya ajali haiji kwa kelele. Kelele za watoto ni afya ya mtaa. Zikisikika, mzazi endelea kulala. Cha kuogopa ni kimya. Jumapili moja ya Desemba, embe zikiwa zimeanza kubadilika rangi, kombolela lililokuwa likichezwa nyuma ya nyumba yetu Tandika lilikatika ghafla kama umeme. Dakika mbili baadaye wakatokea watoto saba kwenye kona ya choo, wanatembea kwa adabu. Ukiona watoto saba wanatembea kwa adabu, tafuta viatu.

Aliyetangulizwa mbele alikuwa mdogo kuliko wote. Ndivyo wanavyofanya, wanampeleka yule asiyepigika.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo." Akatazama vidole vyake vya miguu. "Eti mama yupo?"

"Mama katoka. Kuna nini?"

"Hamna." Kisha, kwa sauti ya kutoa ushauri: "Kaanguka. Ila halii."

Hapo mwongozo unaanza. Nimeuandika kwa ajili ya wazazi wa kiume hasa, maana akina mama wengi wameshafaulu mtihani huu bila kusoma.

Kwanza, usiuangalie mkono. Mwanangu alikuwa amekaa chini ya mwembe dodo wa mwenye nyumba, mkono wa kulia ameupakata kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyebeba kifaranga asichotaka kiponyoke. Juu kidogo ya kifundo palikuwa pamepinda, pameshuka kisha pamepanda, mfano wa mgongo wa uma. Mzazi mahiri akifika hapo hapotezi muda na mifupa. Anauliza: "Nani alikutuma upande?"

Swali hili tumelirithi kwa wazee na hakuna mtoto aliyewahi kulijibu. Atamtaja nani? Embe lilikuwa juu, yeye alikuwa chini, mengine yalijipanga yenyewe. Usingoje jibu. Songa mbele na "Si nilikwambia?" (hukumwambia, ulimwambia kuhusu mpera), halafu malizia na "Je, ungekufa?" Hili la tatu ndilo swali pekee la kweli katika mfululizo wote, na ndiyo maana husemwa kwa sauti kubwa kuliko mengine. Mwisho kabisa mtishie: "Nyamaza, nisije nikakuongeza!" Mimi nilimwambia hivyo mtoto ambaye, kama nilivyokwisha kuarifiwa, alikuwa halii. Aliyekuwa akitetemeka magoti ni mimi.

Wakati nikiendesha mashtaka, mama wa dukani alivuka barabara na kitenge chake kiunoni, akapiga magoti pale chini, akauliza maswali ya aina nyingine kabisa. Umegonga kichwa? Shingo inauma? Hapa ni wapi? Vidole hivi ni vingapi? Umejisikia kutapika? Aliwahi kufundishwa huduma ya kwanza, na alinieleza bila kunitazama, kama anamweleza mwembe: anayelalamika shingo haguswi wala hanyanyuliwi hivi hivi; anayetapika tapika, anayesinzia asiamshike, aliyepatwa na degedege, anayetokwa na damu au majimaji masikioni au puani, mwenye mboni moja kubwa kuliko nyingine, huyo mkono wake hauna haraka tena, ni hospitali moja kwa moja. Wangu alijibu yote vizuri. Alijua hata kwamba embe lenyewe bado liko juu.

Sasa kusanya wataalamu. Hutahitaji kuwaita. Katika mitaa yetu mfupa ukivunjika hutoa mlio unaosikika na watu wazima tu, maana ndani ya dakika tano walishajaa uani, kila mmoja na shahada yake. Fundi redio alisema ni kuteguka tu, uvutwe mara moja kwa nguvu utarudi. Mpangaji wa chumba cha mbele alikuja na chupa ya mafuta ya kuchua. Mzee mmoja wa heshima sana akasema hospitali watamkata mkono bure, yuko mganga wa mifupa anayevunja mguu wa kuku, anaufunga pamoja na wa mgonjwa, na siku kuku anapotembea na mgonjwa amepona. Nilimuuliza kama kuku huwa anaelezwa mapema. Hakunijibu, na tangu siku hiyo salamu yake imepoa kidogo.

Kwa goti lililochubuka mapendekezo yalikuwa mengi zaidi, kwa sababu kila nyumba ina duka lake la dawa: dawa ya meno, majani ya chai, majivu, mafuta ya taa, unga wa ngano. Ukiyachanganya yote pamoja unapata kitu kinachokaribia keki. Mama wa dukani alifungua bomba, akaacha maji yatiririke juu ya lile goti mpaka mchanga wote ukatoka, akapitisha sabuni, akafunika kwa kitambaa safi. Mchezo ukaisha. Watu walisikitika sana, hasa mwenye majani ya chai.

Mkono hauchuliwi wala hauvutwi, nao usinyooshwe ili upendeze. Unafungwa jinsi ulivyo. Gazeti la juzi likikunjwa mara kadhaa linatengeneza gango zuri kabisa, refu kutoka karibu na kiwiko hadi viganjani, linafungwa kwa vitambaa bila kukaza mpaka vidole vikose damu. Kisha khanga, ikunjwe pembetatu, mkono ulale ndani yake, ncha zifungwe shingoni. Hapa nina onyo ambalo vitabu vya huduma ya kwanza haviliandiki: soma khanga kwanza. Mimi nilivuta ya juu kwenye kamba. Ilikuwa moja ya doti ambalo mke wangu alilinunua mahususi kwa ajili ya jirani wa mlango wa pili, baada ya ugomvi wao wa maji, na nilipoikunja jina lake lilikaa katikati ya kifua cha mtoto, herufi kubwa, zinasomeka toka barabarani. Na aliyekimbia kutuitia bajaji alikuwa nani? Jirani wa mlango wa pili. Alisoma. Akasema, "Poleni sana, baba." Akatusaidia kupanda. Maji sasa tunachota wote.

Kabla hamjaondoka, mlishe mtoto. Hii ndiyo sheria ambayo ukoo wangu hauivunji hata mifupa ikivunjika. Shangazi yake alileta chipsi mayai na soda "apate nguvu ya kuvumilia," na mimi, niliyekuwa natafuta kitu chochote cha kufanya kwa mikono yangu, nilimlisha kwa kijiti, kipande kwa kipande. Kisha tukafika hospitali na swali la pili la daktari likawa: "Amekula saa ngapi?" Mfupa uliopinda huenda ukahitaji kurudishwa mahali pake mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, na usingizi huo hautaki tumbo lililojaa, kwa kuwa chakula kinaweza kurudi na kuingia mapafuni. Kwa chakula kizito husubiriwa kama saa 6. Kwa hiyo chipsi za shangazi zilitununulia saa kadhaa za kukaa kwenye benchi, tukiwa na nguvu kweli kweli.

Safari ya bajaji nitaipita haraka, ingawa yenyewe haikupita haraka. Nilihesabu matuta 14. Kila tuta nilimkaripia dereva, na kila tuta dereva aliniambia habari za mkono wake mwenyewe, uliovunjika akiwa darasa la tatu, mkorosho. Nilimwambia apunguze habari na mwendo. Nilikuwa na sababu yangu ya kutopenda habari za mikorosho, tutaifikia.

Mapokezi ni pahala pa kumwonyesha mwanao kwamba baba anamjua. "Tarehe ya kuzaliwa?" Nilitaja mwezi. "Uzito?" Nilimtazama mtoto, mtoto akanitazama. "Kuna dawa inayomdhuru? Chanjo ya pepopunda alimaliza?" Pikipiki niliyoiuza mwaka 2017 namba zake za usajili ninazo kichwani mpaka leo. Nilimpigia mke wangu, aliyekuwa tayari ndani ya daladala anakuja, naye akamwaga kila kitu kwa pumzi moja katikati ya kelele za kondakta: kilo, tarehe, chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zimekamilika, kadi ya kliniki iko kwenye bahasha ya kaki, bahasha iko ndani ya begi jekundu, begi liko juu ya kabati, "na wewe ulikuwa wapi?" Nesi alisikia yote. Aliandika yote isipokuwa la mwisho, lakini kalamu ilisita.

Wakishakupiga picha, jifanye daktari wa mifupa. Tangu Wilhelm Röntgen alipoupiga picha mkono wa mke wake Desemba 1895, pete ikaonekana inaelea kwenye mfupa wa kidole, hakuna binadamu aliyeishika eksirei asijione anaielewa. Niliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Nikahisi damu inashuka miguuni: karibu na kifundo mifupa yote miwili ilikuwa imekatika katika, mistari myeusi imepita moja kwa moja, vipande vimekaa kama vifuniko vilivyoachana na chupa zake. Nikamwambia daktari kwa sauti ya mtu jasiri, "Naona imekatika kabisa, sehemu mbili."

Daktari, kijana aliyekuwa na uchovu wa usiku mzima, aliweka kidole kwenye mistari yangu. "Hii hapana, baba. Hapa ndipo anapokulia." Kumbe mifupa ya mtoto haijafungamana bado, karibu na ncha zake kuna sahani ya gegedu inayotengeneza urefu, na gegedu haionekani kwenye picha, ndiyo maana pale pana weusi. Kisha akasogeza kidole juu kidogo, mahali ambapo mimi nilikuwa nimepaona pazima. "Imevunjika hapa." Mfupa ulikuwa umepinda, upande mmoja umechanika, upande wa pili umeshikilia. Umewahi kuvunja kijiti kibichi cha mpera? Kikavu kinasema ko! na kuachana, ila kibichi kinapinda, kinafumuka nyuzi upande mmoja, kinakataa kutoka. Watoto ni wabichi. Sisi ndio wakavu.

Saa zilipotimia wakamlaza, na daktari akanielekeza pa kusimama endapo nataka kumshika mkono ule mzima. Mwongozo wangu hapa ni mfupi: usitake. Nilitaka. Nakumbuka sauti ya maji kwenye beseni, nakumbuka mikono ya daktari inavyokaa kama ya mtu anayetaka kukamua nguo, halafu nakumbuka nesi ananiambia kwa upole mwingi, "Baba, wewe kaa chini kwanza." Nilikaa chini sakafuni. Mke wangu alipoingia, mgonjwa aliyemwona kwanza ni mimi.

Baadaye likaja hogo. Ninalipenda hogo, na nitalisemea zaidi ya inavyostahili. Katika karne ya 19 daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, alipata wazo la kusugua unga wa jasi kwenye bandeji, kuilowesha na kuizungusha mkononi. Alilitangaza mwaka 1852, na wazo hilo halijazeeka. Unga wenyewe si kitu kigeni. Ni jasi, ile ile inayochimbwa Makanya kule Same, ile ile ambayo mafundi wetu wanaiita jipsamu na kuipachika kwenye dari za sebule kwa maua na taa za rangi. Mimi nyumba ya dari la jipsamu sijaifikia. Mwanangu alitangulia, akapewa lake mkononi.

Likiwa bichi linapata moto. Alikuwa ameshaamka, akanong'ona, "Baba, linaunguza." Nikainuka kumpigia mtu kelele, nesi akanikalisha kwa mara ya pili: jasi ikikutana na maji hutoa joto inapoganda, dakika chache itapoa. Ikapoa. Ndipo nikapewa masharti, na haya naomba uyasome bila kucheka. Mkono ulazwe juu ya mto siku za mwanzo ili uvimbe ushuke. Vidole vichunguliwe mara kwa mara: vikiwa vya baridi, vimebadilika rangi, vinakufa ganzi au haviwezi kuchezeshwa, au maumivu yanazidi kupanda hata baada ya dawa, rudini saa hiyo hiyo hata kama ni saa 9 usiku, msingoje tarehe ya kliniki. Lisilowe. Na asiingize kitu ndani kujikuna.

Hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyotumaliza. Kulikinga hogo na maji ya kuoga kunahitaji mfuko wa plastiki, na mifuko ya plastiki nchini ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Familia nzima ya watu waadilifu ikajikuta inatafuta rambo usiku kama inatafuta bangi. Mama yangu, aliyekuwa amefika kutoka Mtwara kwa basi la alfajiri mara tu aliposikia, alinyanyua godoro kimya kimya, akatoa rambo la bluu lililokunjwa mara nane. Alikuja nalo? Lilikuwa hapo siku zote? Sikuuliza, na ninyi msiulize.

Kuhusu kujikuna, wiki ya pili nilikuta chini ya kitanda spoki ya baiskeli, rula, kijiti cha mshikaki na mswaki wangu. Sitasema nilianza na kipi kukitupa.

Watu watalisaini. Shangazi ataandika aya ya dua, mwalimu ataandika "Pona haraka," na rafiki mkubwa wa mgonjwa, ambaye mimi binafsi namnunulia mandazi, ataandika SIMBA kwa kalamu nene nyekundu, kutoka kiwikoni mpaka kifundoni. Mimi ni mtu wa Yanga. Baba yangu alikuwa wa Yanga. Kwa wiki 5 nilikula chakula cha usiku nikitazamana na neno hilo, na daktari aliposema mfupa unaunga vizuri kuliko alivyotegemea, wapo waliosema ni kwa sababu yake.

Katika muda huo mtoto atagundua mambo matatu: kwamba kazi ya nyumbani huandikwa kwa mkono wa kulia, kwamba rimoti hushikwa kwa wa kushoto, na kwamba hogo likigonga mlango wa bati hutoa sauti ya heshima. Wewe utagundua kwamba umeanza kumkatia nyama vipande vidogo bila kuombwa, na kwamba unaamka usiku kwenda kuangalia vidole. Vya joto. Unavikandamiza kucha, inakuwa nyeupe, rangi inarudi. Unarudi kulala. Baada ya saa moja unahisi pengine hukuangalia vizuri kidole gumba.

Wiki hizo pia nilipanga mwembe ukatwe. Niliitisha kikao uani, nikaleta hoja nzito za usalama, nikawa nimeshamgusia mwenye nyumba. Mama yangu alikuwa pembeni anachambua mchele. Alisubiri nimalize, akapuliza ungo, akasema, "Na mkorosho wa mzee tulikata?"

Uani pakawa kimya. Kimya kile kile cha siku ile.

"Mkorosho upi, bibi?" akauliza mwanangu.

Basi akasimulia yote, mchele mkononi. Jinsi baba yao alivyoanguka ana miaka tisa, mkono huu huu wa kulia, akaficha siku mbili, anakula kwa kushoto na kusema amefunga. Jinsi alivyogundulika aliposhindwa kuchota maji. Jinsi babu yao alivyomuuliza nani alikutuma upande. "Hebu waonyeshe," akaniambia. Kuna kovu na kuna mpindo mdogo, hauonekani mpaka ninyooshe mikono yote miwili sambamba. Kwa miaka mingi wanangu walikuwa wanajua kwamba hiyo ni ajali ya kazini.

Hogo lilitolewa Januari kwa kile kisu cha umeme kinacholia kama mashine ya kuranda lakini kinatetemeka tu bila kuzunguka, kinakata kigumu na kuiacha ngozi. Mkono ukatoka mwembamba, wa kijivu, unanuka kama soksi. Tulirudi kwa daladala. Alikaa dirishani, akinyoosha mkono wake kando ya wangu, akilinganisha.

"Baba, ule mkorosho ulikuwa mrefu kuliko mwembe wetu?"

"Mfupi. Mfupi sana."

Akanyamaza mpaka kituo cha tatu. "Sasa wewe uliangukaje?"